Samaki wa Maji Chumvi Anapoumwa: Pima Maji Kabla ya Kufungua Dawa

Mwezi wa pili, kaskazi imeshika, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi simu inalia. Ni kijana wa Upanga niliyemsaidia kusimamisha tangi lake la lita 200.

"Shikamoo kaka. Kitatange wangu amekaa juu kabisa ya maji, anahema kama aliyekimbizwa. Nimeshapata dawa ya vimelea, niweke kiasi gani?"

"Marahaba. Usiweke kitu kwanza. Maji yana nyuzi ngapi?"

Akaenda kuangalia. "Thelathini na moja na nusu."

"Na pampu ya hewa?"

"Niliizima usiku, kaka. Inanguruma, mtoto halali."

Basi, ugonjwa ukawa umeshajulikana. Ile dawa ilikuwa na fomalini, na fomalini hupunguza oksijeni majini. Angeimimina asubuhi ile, saa nne angekuwa anamtoa kitatange kwa wavu. Ndiyo maana hapa sikupanga mambo kwa majina ya magonjwa. Nimeyapanga kwa kile unachokiona ukiwa umesimama mbele ya kioo, kisha tunarudi nyuma kutafuta chanzo.

Vipimo vya kwanza

Ukiona lolote lisilo la kawaida, pima vitu vitano kabla hujaingiza mkono tangini: joto, chumvi, amonia (sumu itokayo kwenye kinyesi na uozo), nitriti (ambayo bakteria huitengeneza kutoka kwa amonia) na pH (kipimo cha utindikali wa maji). Nitrati, ambayo hutokana na nitriti, na KH, yaani akiba ya kaboneti inayozuia pH isianguke, vinaweza kusubiri jioni.

Maji ya bahari kuu yana takribani gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, ambayo kwenye haidromita, kile chombo cha kupimia chumvi, ni kama 1.026. Lenga hapo. Joto liwe 24 hadi 27. Kwa nyumba zetu za pwani, ukilishikilia kwenye 28 bila kuyumba sina ugomvi na wewe. pH iwe 8.0 hadi 8.4, KH 7 hadi 11. Amonia na nitriti ziwe sifuri, na sifuri maana yake sifuri, siyo "kidogo tu". Nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita kama una samaki peke yao. Mwenye matumbawe ajibane chini ya 10.

Andika namba kwenye daftari pamoja na saa uliyopima. pH ya alfajiri huwa chini ya ile ya jioni, na mtu asiyeandika saa atadhani tangi linaumwa kumbe amepima nyakati mbili tofauti. Angalia pia tarehe ya kuisha kwa vipimo vya matone. Kichupa kilichokaa kwenye dashibodi ya gari mchana mzima wa Dar es Salaam sikiamini hata kama tarehe haijafika. Na chupa ya pili ya kipimo cha nitrati itikise kwa nguvu, nusu dakika nzima; unga wake hutuama chini, na usipoutikisa utasoma namba nzuri ya uongo.

Wanahema juu ya maji

Jiulize maswali mawili. Ni wote, au ni mmoja? Ni alfajiri tu, au ni mchana kutwa?

Wakiwa wote, na hali ni mbaya zaidi alfajiri, ni oksijeni. Maji chumvi yenye nyuzi 25 yanaweza kubeba karibu miligramu 7 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 yanabeba kama 6. Samaki naye hana joto lake mwenyewe, kwa hiyo maji yakipata moto mwili wake unakwenda mbio na kudai oksijeni zaidi wakati ileile inapopungua. Usiku ukiingia, mwani na matumbawe wanaacha kutoa oksijeni na kuanza kuivuta kama kila kiumbe kingine humo. Ndiyo maana simu za namna ile huja kabla ya jua, hazinifikii saa nane mchana.

Dawa yake ni kuutikisa uso wa maji. Watu hupenda mapovu kwa sababu yanaonekana, lakini kazi kubwa inafanyika juu, pale maji yanapokutana na hewa. Elekeza mdomo wa pampu juu mpaka uso wote ucheze. Ukiona uso una utando unaong'aa kama maji ya kuoshea sufuria, hasa tangi likiwa karibu na jiko, laza karatasi ya tishu juu yake, iinue, rudia mara tatu nne. Utando ule huziba hewa kama kifuniko.

Kisha shusha joto. Zima taa, fungua kifuniko, weka feni ipulize juu ya maji. Kwa kawaida itakushushia nyuzi 2 au 3. Siku zenye unyevu mwingi hewani itashusha kidogo zaidi ya bure, kwa sababu feni hupoza kwa kukausha maji, na hewa iliyokwisha kulowa haikaushi kitu. Chupa za maji yaliyogandishwa ni za dharura tu, moja moja, zikiwa zimefungwa. Nimeona mtu akimwaga barafu ya bomba moja kwa moja tangini: joto lilianguka kwa nyuzi 5 ndani ya robo saa, na chumvi ikashuka nayo. Kupanda na kushuka kwa ghafla huko kunaumiza kuliko nyuzi 30 zilizotulia.

Wakiwa wote wanahema mchana kutwa, joto ni zuri na uso unacheza, pima amonia. Hii ndiyo inayoua zaidi, na kwa mfugaji wa maji chumvi ina ukali wa ziada. Amonia hukaa majini katika sura mbili, moja karibu haina madhara na nyingine sumu kali, na kadiri pH inavyopanda ndivyo ile ya sumu inavyoongezeka. Kwa kiasi kilekile cha amonia, sumu iliyopo kwenye pH ya 8.2 ni zaidi ya mara kumi ya ile iliyopo kwenye pH ya 7. Aliyezoea kufuga perege anashangaa kwa nini namba aliyokuwa akiivumilia bwawani inamuulia samaki wa baharini.

Tafuta ilikotoka. Hesabu samaki, anayekosekana huenda anaozea nyuma ya mawe. Muulize aliyebaki nyumbani kama amelisha, maana kila mtu anayepita mbele ya tangi anawaonea huruma. Na jiulize kama jana uliosha sponji ya kichujio kwa maji ya bomba. Klorini ya bomba huua bakteria walewale wanaoibadilisha amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Sponji huoshwa kwa maji ya tangi lenyewe, ndani ya ndoo, siku ya kubadilisha maji.

Badilisha nusu ya maji kwa maji yenye joto na chumvi sawa, acha kulisha siku mbili, pima tena kesho. Usiguse pH. Kuipandisha siku yenye amonia ni kunoa kisu.

Nitriti ikionekana peke yake, usikimbie. Kwenye maji chumvi kloridi ni nyingi mno na huizuia isipenye kwa urahisi kwenye matamvua, kwa hiyo samaki wa baharini huvumilia nitriti ambayo ingewamaliza wa maji matamu. Ichukue kama taarifa kwamba kichujio hakijakomaa, na usiongeze samaki.

Sasa umeme. Mwaka mmoja ulikatika kwangu saa mbili usiku, ukarudi saa kumi alfajiri. Nilikuwa na pampu ndogo ya betri, nikaiwasha, nikalala kwa amani. Uliporudi, kichujio changu cha ndoo iliyofungwa kikajiwasha chenyewe na kusukuma tangini maji yaliyokaa gizani saa nane bila hewa. Yalinuka yai bovu. Bakteria wa mle ndani walikuwa wamekufa na kuanza kuoza, na mimi nililala huku kikimwaga uozo ule juu ya samaki waliokuwa wamevuka usiku salama. Nilipoteza wawili. Tangu siku hiyo, umeme ukikatika zaidi ya saa moja au mbili, nakichomoa kichujio kwenye soketi, na ukirudi nakifungua, namwaga maji yake, nasuuza kwa maji ya tangi, ndipo nakiwasha. Asiye na pampu ya betri achote maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, dakika chache kila nusu saa. Ni kazi ya kuchosha, lakini inaokoa.

Samaki mpya amekufa usiku wa kwanza

Muuzaji atakwambia alikuwa mchovu wa safari. Mara nyingi aliuawa na adabu zetu wenyewe.

Ndani ya mfuko, samaki hutoa hewa ya ukaa na amonia. Hewa ya ukaa inashusha pH ya maji ya mfukoni, na pH ikiwa chini amonia inabaki katika ile sura isiyo na madhara. Unapofungua mfuko, hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda, na amonia yote iliyokuwa imelala inaamka kuwa sumu. Halafu wewe, kwa wema, unamwachia humohumo mfukoni saa mbili ukimdondoshea maji ya tangi tone kwa tone. Kama mfuko umekaa saa nyingi njiani, fanya hivi: uache ukiwa umefungwa uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, fungua, pima chumvi ya mfukoni upesi. Iwe umeshatayarisha beseni au tangi la karantini lenye chumvi ileile. Mtoe samaki kwa mkono au kikombe, muweke humo, maji ya mfuko yamwage chooni. Chumvi utairekebisha siku zinazofuata, yeye akiwa ndani ya maji safi.

Akifa wiki ya kwanza au ya pili, na tangi ni jipya, huna haja ya kutafuta mchawi. Tangi huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kabla ya bakteria kutosha. Weka chanzo cha amonia, hata kipande cha kamba wa sokoni kikiozea humo, na pima mpaka amonia ipande na kushuka, kisha nitriti ipande na kushuka, zote zifike sifuri. Ndipo aingie samaki mmoja, siyo sita. Mawe makavu yanatosha kuwa nyumba ya bakteria. Usishawishike kwenda kubeba mawe ya matumbawe Bongoyo au Mbudya. Zile ni hifadhi za bahari.

Wamebana mapezi, rangi imefifia, hawali

Wiki tatu baada ya ile simu ya alfajiri, kijana wa Upanga akapiga tena. Kitatange anahema vizuri lakini amejibana kona, rangi imekuwa ya majivu, chakula anakitema. Feni inafanya kazi, joto ni 27.

"Maji yanayopungua unayajazia na nini?"

"Na maji ya bahari, kaka. Nina madumu yangu mawili hapa."

Tukapiga hesabu kwenye simu. Feni ilikuwa inamkaushia lita 2 kwa siku. Kinachokauka ni maji. Chumvi haipandi hewani, inabaki tangini. Kwa siku 21 ameongeza lita 42 za maji ya bahari juu ya lita 200 alizoanza nazo, na chumvi ya lita zote 242 sasa imo ndani ya 200. Ukizidisha 35 kwa 242 na kugawa kwa 200 unapata 42. Akaenda kupima: 1.032. Alikuwa anamchovya samaki kwenye achari bila kujua.

Maji yaliyokauka hujaziwa kwa maji yasiyo na chumvi, kila siku, kidogo kidogo. Piga mstari wa kalamu kwenye kioo usawa wa maji yanapopaswa kuwa. Ukiona yameshuka chini ya mstari, jazia. Ukiacha wiki nzima ndipo ujaze ndoo moja kwa mkupuo, umewapeleka samaki kutoka kusini hadi kaskazini kwa siku moja.

Kama umeshafika 42 kama yeye, shusha polepole. Kwenye tangi la lita 200, toa lita 5 za maji ya tangi na urudishe lita 5 za maji matamu. Chumvi itashuka kwa moja hivi. Fanya hivyo asubuhi na jioni, na katika siku tatu au nne umerudi nyumbani. Kushuka samaki hukuvumilia kuliko kupanda. Chumvi ikiwa chini na unataka kuipandisha, tumia siku nyingi zaidi.

Kabla ya yote hayo, hakikisha chombo chako hakikudanganyi. Haidromita ya mshale, ile ya plastiki, povu moja likinata kwenye mshale litauinua na utasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo. Ukoko wa chumvi ukiushika utausukuma chini na utasoma pungufu. Igonge kidogo kwa kidole, isuuze kwa maji matamu kila ukimaliza. Refraktomita, kipimo cha chumvi unachochungulia kwa jicho, ni bora zaidi, ila irekebishe kwa kimiminika maalumu cha 35. Wengi huirekebisha kwa maji safi kwenye sifuri na kuridhika, halafu ikifika kwenye 35, ambako ndiko tunakoishi, inakosea.

Na maji matamu yenyewe yatoke wapi? Ya bomba yaliyopigwa hewa usiku kucha hupoteza klorini. Ya kisima hapa mjini siyaamini: visima vingi vya pwani vina chumvi, na vilivyo karibu na mashimo ya vyoo huja na nitrati zao. Mwenye mtambo wa kuchuja maji mpaka yabaki matupu amepata. Maji ya mvua yanayoteremka juu ya bati huja na zinki. Yanayodondoka kwenye AC yanaonekana masafi kama machozi, lakini yamepita juu ya mabomba ya shaba. Jambo hilo linatuleta kwenye shida inayofuata.

Kamba na konokono wanakufa, samaki wazima

Ukiona hivyo fikiria metali kwanza, hasa shaba. Kiasi ambacho samaki hakijui kinatosha kuwamaliza kamba, konokono na matumbawe. Chunguza maji unayojazia, dawa ya zamani iliyowahi kutumika kwenye tangi ulilonunua la mtumba, sarafu aliyotumbukiza mtoto, au sumaku ya kusafishia kioo iliyopasuka na kuanza kushika kutu.

Kama kamba wamepinduka wote ndani ya saa chache na samaki nao wanakwenda kombokombo, uliza nani amepuliza dawa ya mbu. Sumu zilizomo kwenye makopo yale, na kwenye zile za mduara za kuchoma, ni kali sana kwa samaki na kali zaidi kwa kamba. Pampu ya hewa ndiyo inayowaponza, kwa sababu inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini. Weka mkaa wa kuchujia, badilisha theluthi ya maji, rudia kesho yake. Nyumbani kwangu chumba chenye tangi hakipulizwi kabisa; tunalala na chandarua.

Madoa meupe

Angalia kwa karibu, tochi ikimulika kutoka ubavuni. Madoa yanayoweza kuhesabika, kila moja kama punje ya chumvi, hasa kwenye mapezi, ni kimelea kinachoitwa kitaalamu Cryptocaryon irritans. Vumbi laini kama unga wa dhahabu, usiloweza kuhesabu, samaki akihema mbio, akikwepa mwanga na kukaa mbele ya mkondo wa pampu, ni kingine: Amyloodinium. Cha pili kinaua kwa siku mbili tatu, mara nyingine kabla vumbi halijaonekana vizuri. Kukichelewesha kwa kubishana na rafiki ni kumzika samaki.

Punje za chumvi zina ujanja wao. Kimelea hukaa mwilini mwa samaki siku 3 hadi 7, kisha kinadondoka mchangani, kinajifunga ndani ya kifuko na kugawanyika kuwa mamia. Siku hiyo samaki anaonekana amepona. Mama mmoja wa Tanga alinitumia picha kwa furaha: vitunguu saumu alivyochanganya kwenye chakula vimefanya kazi, kangaja wake amesafika! Ni yule kangaja wa buluu mwenye uso mweusi na pezi la njano mgongoni, mrembo wa miamba yetu na wa kwanza kushikwa na madoa haya katika kila tangi. Nikamwomba asubiri wiki mbili. Hakusubiri zote, siku ya kumi kangaja alikuwa kama amekung'utiwa sukari.

Hakuna njia ya mkato. Samaki wote, siyo mwenye madoa peke yake, wahamie kwenye tangi la hospitali lisilo na mchanga wala mawe, na watibiwe kwa shaba kwa kipimo cha kwenye chupa, ukipima shaba kila siku kwa kipimo chake. Ikipungua haiui kimelea, ikizidi inaua samaki. Tangi kubwa libaki bila samaki hata mmoja. Kamba na konokono waendelee humo, wao hawashambuliwi na kimelea hiki. Wafugaji wengi huhesabu siku 76, kwa kuwa vifuko vimewahi kuonekana vikiangua hata siku ya 72. Ni ndefu, najua. Niliwahi kukata tamaa siku ya 30, nikarudisha samaki, nikaanza upya.

Asiyetaka shaba anaweza kushusha chumvi ya tangi la hospitali hadi 1.009, kwa muda wa siku mbili, na kuishikilia hapo wiki zisizopungua nne tangu doa la mwisho. Kimelea hakihimili maji hayo, samaki anahimili. Hapa refraktomita iliyorekebishwa ni lazima, kwa sababu 1.012 haitoshi. Njia hii haifai kwa lile vumbi la dhahabu. Lile linaishi hata kwenye maji yenye chumvi kidogo sana, na linataka shaba. Usichanganye njia zote mbili.

Na maji yanaingiaje hapo? Kimelea huletwa na samaki mpya, hakizaliwi na maji machafu. Lakini samaki mwenye ute mzuri hupambana nacho muda mrefu, na anayepanda nyuzi 3 mchana na kushuka 3 usiku ute wake umeshachoka.

pH haipandi

Chukua glasi ya maji ya tangi, ipeleke nje barazani, ipulizie hewa kwa saa moja, pima tena. Ikipanda, shida ni hewa ya ukaa iliyojaa chumbani: madirisha yamefungwa kwa ajili ya AC, watu sita wanaangalia mpira. Fungua dirisha. Unga wa kupandisha pH wa dukani haufui dafu hapo. Kesho utakuta imerudi palepale.

Isipopanda, pima KH. Ikiwa chini ya 7, gramu 6 za bekingi soda, kama kijiko kimoja cha chai, zilizoyeyushwa kwenye kikombe cha maji matamu, huongeza takribani 1 kwenye lita 200. Moja kwa siku inatosha. Hakikisha ni soda tupu, siyo bekingi poda yenye tindikali na wanga. Magadi ya kuivishia maharage pia hapana, yana floraidi na mengineyo.

Mwani, na vidonda vya kichwani

Utando wa kahawia kwenye tangi la wiki ya tatu ni wa kawaida. Hula silika, yaani madini ya mchanga yaliyoyeyuka majini, na huondoka wenyewe. Utelezi mwekundu wenye vipovu hupenda pembe ambazo maji hayatembei, kwa hiyo geuza pampu, unyonye, punguza chakula. Mwani wa kijani wa nyuzinyuzi huletwa na nitrati na fosfeti. Kangaja au kitatange akianza kuchimbika usoni na kwenye mstari wa ubavu, angalia lishe yake, mpe mwani wa baharini, na suuza mkaa wa kuchujia vizuri kabla ya kuuweka, maana vumbi lake limehusishwa na tatizo hili.

Nitrati ikiwa 80, kubadilisha robo ya maji kunaileta 60, tena 45, tena 34. Mara tatu, wiki moja moja. Anayebadilisha robo mara moja na kulalamika haijashuka amesahau hesabu ya darasa la tano. Na isiposhuka kabisa, pima yale maji mapya.

Maji ya kuchota

Chumvi ya paketi ni ghali, na bahari iko pale, kwa hiyo wengi wetu tunachota. Chota siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa mpaka mwisho, kwa sababu ndipo maji ya bahari kuu yanapofika ufukweni. Yakipwa unachota mchanga na kila kilichooshwa mjini. Usichote karibu na daraja la Salenda, Msimbazi unamwaga pale, wala bandarini. Mimi huvuka kwenda Kigamboni, upande unaotazama bahari wazi. Wakati wa masika na wiki moja au mbili baadaye sichoti kabisa. Niliwahi kuleta madumu manne yenye chumvi 29 kwa kudhani bahari haibadiliki.

Dumu liwe lililobeba maji ya kunywa au mafuta ya kula yaliyooshwa vizuri, kamwe siyo la dizeli wala jiki. Ukifika nyumbani liache gizani wiki mbili, vijidudu vidogo vife na tope litue, kisha nyonya ya juu kwa mpira na uache vidole vinne vya chini. Pulizia hewa usiku mmoja. Pima chumvi ya kila dumu, amonia ya dumu moja, na uandike kwa kalamu ubavuni: tarehe, mahali, namba.